Namna ya kulitumia neno la Kiskoti "dreich": matamshi, maana na mahali pake

Ukiishi Uskoti wiki mbili tu za mwezi wa Novemba, neno "dreich" litakufikia masikioni kabla hujaliona limeandikwa. Dereva wa basi atalisema, mwenye duka atalisema, na mtangazaji wa hali ya hewa naye hatabaki nyuma. Mgeni hulifasiri harakaharaka kuwa ni "mvua", kisha hulitumia kila tone linapodondoka, na hapo ndipo anapojulikana kuwa ni mgeni. Dreich si mvua. Ni hali ya hewa, au jambo lolote lile, lililonuna na lisilotaka kwisha. Kipimo chake ni muda. Ukilishika hilo, maana nyingine zote za neno hili, za leo na za zamani, utazielewa bila kukariri orodha.

Asili yake inathibitisha hivyo. Neno limetoka katika Kiingereza cha Kati, yaani cha zama za kati, cha upande wa kaskazini, na ni ndugu wa "drjúgr" la Kinordiki cha kale, lugha ya mabaharia wa Skandinavia, lenye maana ya kitu kinachodumu. Ukoo wake ni ule ule wa kitenzi cha Kiskoti "dree", yaani kustahimili, kinachosikika hadi leo katika msemo "dree yer weird": yavumilie majaaliwa yako. Wapo wanaodhani dreich ni neno la Kigaeli kwa kuwa lina "ch" ya kukwaruza kama "loch". Sivyo. Kigaeli ni lugha nyingine kabisa, ya Waselti. Kiskoti ni jamaa wa karibu wa Kiingereza.

Kulitamka

Neno lina silabi moja: drikh. Shida zetu zinatokana na mazoea ya Kiswahili, ambacho hakipendi neno liishie kwa konsonanti, wala hakipendi konsonanti mbili zibanane bila irabu katikati. Mdomo usiposimamiwa, dreich inageuka "diriki", na aliyetaka kusema siku ni mbaya anajikuta ametamka kitenzi cha kwao. Fuata mpangilio huu:

1. Anza na "dr" kwa pamoja, kama unavyosema timu zimetoka droo. Usiweke irabu kati ya d na r. Tumia r yako ya Kiswahili, ile ya ulimi kugonga mara moja. Ndiyo inayokaribiana na ya Waskoti, kuliko ile r ya London inayomezwa.

2. Weka "i" fupi, ya "rika". Tahajia "ei" inadanganya: hakuna sauti ya "e" hapo, wala "ai". Wala usiivute ikawa "driikh". Katika Kiskoti irabu hii hurefuka ikiwa mbele ya sauti kama z, v na r, au ikiwa mwisho wa neno. Mbele ya "kh" hubaki fupi. Watu wengi wasio Waskoti huivuta, na hilo linasikika mara moja.

3. Malizia kwa "kh", ile ya Khadija na ya sheikh kwa wanaozitamka kwa sauti yake ya Kiarabu. Aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja, au aliyepita madrasa, anayo tayari. Asiyekuwa nayo aweke ulimi kana kwamba anataka kusema k, halafu asizibe kabisa, aache pumzi ikwaruze kwenye upenyo. Jipime hivi: sauti hiyo uweze kuishikilia kwa sekunde tatu bila kukatika. Ukishindwa kuishikilia, ulichotoa ni k.

4. Simama. Hakuna irabu baada yake.

Makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni "drich", yenye ch ya chai, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyoisoma herufi hiyo. La pili ni "drik", na hili hata Waingereza wanalo, maana wao wenyewe husema "lok" badala ya "loch". La tatu ni kulegeza mwisho mpaka ikawa "drih", pumzi tupu isiyo na mkwaruzo. Fanya mazoezi kwa maneno yenye sauti hiyo hiyo: "loch", ziwa, "nicht", usiku, "bricht", ang'avu. Hayo mawili ya mwisho ni magumu zaidi kwa kuwa kh inafuatwa na t, lakini ukiyaweza, dreich itakuja bila jasho.

Tahajia ya sasa ni d-r-e-i-c-h. Kosa la kila siku ni "driech", herufi e na i zikibadilishana nafasi. Katika maandishi ya zamani utakutana na dreigh, driegh, dreegh na dreech, na hayo si makosa; Kiskoti hakikuwahi kuwa na tahajia moja iliyokubaliwa na wote. Simu nyingi hulisahihisha kwa nguvu likawa neno jingine la Kiingereza, basi liongeze kwenye kamusi ya simu kabla hujamwandikia mtu.

Ushahidi wa matamshi ya zamani upo katika ushairi. Robert Burns, mshairi wa Uskoti, katika shairi la mkulima anayemsalimia jike wake mzee wa farasi siku ya mwaka mpya, lililochapishwa mwaka 1786, aliandika kwamba "stable-meals at fairs were driegh", akaifanya driegh iwe na kina kimoja na "skiegh", mwenye machachari, na "skriegh", kulia kwa farasi. Vina vitatu vinavyoishia kwa -ikh. Tena tazama anachokisema: kwenye magulio, mlo wa farasi zizini ulikuwa wa kujikokota. Hakuna wingu wala tone la mvua katika mstari huo.

Hali ya hewa gani inaitwa dreich

Hapa ndipo neno linapotumika zaidi leo, na ndipo linapokosewa zaidi. Kabla ya kulitamka, angalia mambo manne.

Anga liwe na rangi moja ya kijivu kutoka upeo hadi upeo, na wingu liwe chini. Mwanga uwe hafifu kiasi cha kuwasha taa mchana. Hewa iwe na unyevu, ama manyunyu, ama ukungu, ama ubichi tu unaoingia kwenye nguo. Na hali hiyo iwe imekaa: tangu asubuhi, au tangu juzi, na haionyeshi dalili ya kuondoka. Sharti la nne ndilo lenye uzito. Mawingu yaliyofunga kwa nusu saa kisha jua likatoka, hata yawe meusi vipi, hayajafikia kiwango.

Kwa hiyo mvua kubwa ya radi si dreich. Ina ghasia nyingi mno. Mvua za kupita, zinazopishana na jua, si dreich. Siku ya baridi kali yenye anga safi na barafu iliyometa si dreich, hata kama vidole vinauma. Kwa upepo mkali wa baridi unaokata ngozi Kiskoti kina "snell". Theluji mpya iliyotanda ni nzuri kuitazama, haihusiki. Lakini theluji hiyo hiyo siku ya tatu, imeyeyuka nusu, imechanganyika na tope, juu yake wingu la kijivu, hiyo ni dreich bila ubishi. Upande wa pili, mvua si lazima inyeshe. Siku kavu yenye ukungu na giza inaweza kuwa dreich. Na si lazima iwe majira ya baridi: watalii wanaokwenda Julai hulisikia neno hili kuliko walivyotegemea.

Aliyewahi kukaa Limuru mwezi wa Julai ana picha ya karibu: wingu lililolala juu ya mashamba ya chai, rasharasha isiyolowesha wala kukauka, jua halionekani kutwa. Uifanye picha hiyo iweze kuja mwezi wowote, na uikate saa za mchana, utakuwa umekaribia. Edinburgh mwishoni mwa Desemba hupata mwanga wa mchana kwa takriban saa saba tu.

Takwimu za mvua zinasaidia kuonyesha kwa nini kipimo ni muda. Edinburgh hupata wastani wa milimita 700 hivi za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Tofauti ni jinsi inavyonyesha: Dar inamwaga, mitaro inafurika, kisha jua linatoka, Edinburgh inagawa kiasi chake kidogo katika siku zaidi ya 120, nyingi zikiwa za manyunyu. Mvua ya masika ya Dar inaweza kusababisha maafa makubwa zaidi kuliko chochote kinachoitwa dreich, lakini dreich haipimi madhara. Magharibi mwa Uskoti, milimani, mambo ni tofauti, kwani pepo za kusini-magharibi huleta unyevu kutoka Atlantiki, milima inauinua, na baadhi ya maeneo hupata milimita 3,000 na kuzidi.

Pwani ya mashariki ina chanzo chake cha pekee, ukungu wa bahari uitwao "haar". Hewa yenye joto na unyevu inapopita juu ya maji baridi ya Bahari ya Kaskazini hugandamana kuwa ukungu, na upepo unausukuma hadi nchi kavu, hasa kati ya Aprili na Septemba. Unaweza kuwa Edinburgh ndani ya haar huku kilomita 20 tu bara watu wanaota jua. Haar ni kitu, ni ukungu wenyewe. Dreich ni sifa ya siku iliyoletwa na kitu hicho. Vivyo hivyo "smirr", manyunyu laini sana yanayoelea badala ya kudondoka, ni jina la mvua. Unaweza kusema kuna smirr na kwa hiyo siku ni dreich. Mtu aliyelowa chapachapa, yeye ni "drookit". Wageni huyachanganya haya manne, na njia ya kuyatenganisha ni kujiuliza: nataja ukungu, nataja manyunyu, nataja mtu aliyelowa, au nataja siku nzima?

Kuliweka kwenye sentensi

Dreich ni kivumishi. Hukaa kabla ya nomino, "a dreich day", au baada ya kitenzi, "it's dreich". Ukitaka kukitia nguvu, tanguliza "gey", linalotamkwa kama gai, lenye maana ya sana au haswa: "It's gey dreich the day". Hiyo "the day" ni leo, na "the morn" ni kesho. Glasgow utasikia pia "pure dreich", na sehemu nyingi "awfy dreich". Kulinganisha ni "dreicher" na "dreichest". Nomino ni "dreichness". Kuna "dreichly" pia, lakini ni nadra, na mgeni haihitaji.

Usilifanye kitenzi. "It's dreiching" hakuna. Usilifanye jina la mvua pia. Husemi kuna dreich kidogo nje. Makosa haya mawili yanatokana na ile fasiri ya haraka ya "mvua": aliyeanza na fasiri hiyo atalitendea neno kama mvua, atalinyeshesha na kulihesabu.

Matumizi ya kila siku ni ya salamu. Kituoni, mtu usiyemjua anakutazama, anatazama mbingu, anasema:

"Dreich, eh?"

Unajibu:

"Aye, gey dreich."

Basi. Hakuulizi habari za hali ya hewa. Anafungua mazungumzo, na kazi yako ni kukubali. Unaweza kuongeza kipande kimoja cha muda, kwamba imekuwa hivi wiki nzima, na utakuwa umelipatia kabisa kwa sababu umeongea kuhusu urefu wake. Jibu lisilofaa ni kuanza kueleza kwamba kwenu mvua hunyesha zaidi. Jibu jingine lisilofaa ni "no, it's fine". Hata kama wewe huioni mbaya, kukataa ni kama kumkatalia mtu salamu yake.

Kuhusu heshima ya neno, hakuna hofu. Si tusi, si la mitaani, halina tabaka. Mawaziri hulisema, magazeti hulichapa bila kulieleza, na mhubiri anaweza kulitaja mimbarani. Kiskoti chenyewe kilitambuliwa na Uingereza chini ya mkataba wa Ulaya wa lugha za kimaeneo mwaka 2001. Katika sensa ya 2011 watu zaidi ya milioni 1.5 walisema wanakizungumza. Na mwaka 2025 bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukipa hadhi rasmi pamoja na Kigaeli. Kwa hiyo mtu akikwambia ni "Kiingereza kibovu", amechelewa. Ubishi wa kama ni lugha au lahaja unaendelea, na ukiwa mgeni ni busara usiutatue kwenye kituo cha basi.

Lakini kuna mpaka. Dreich limeingia hata katika Kiingereza cha kawaida cha Uskoti, kwa hiyo unaweza kulichopeka ndani ya Kiingereza chako ulichonacho, kwa lafudhi yako ya Kisumu au Bujumbura, na litapokelewa vizuri. Usichopaswa kufanya ni kuigiza lafudhi nzima na kurundika maneno ya kadi za posta. Neno moja lililowekwa mahali pake linatosha. Kazini, liseme kwenye mazungumzo na kwenye barua pepe za kirafiki. Katika ripoti ya kitaalamu, hasa ya hali ya hewa, ujenzi au usafiri, andika wingu, manyunyu na umbali wa kuona kwa vipimo, kwa sababu dreich haimwambii rubani wala fundi wa paa chochote anachoweza kukitumia.

Nje ya Uskoti, kaskazini mwa Ireland wanalielewa, kwani walowezi wa Kiskoti walikipeleka Kiskoti huko katika karne ya 17. Kaskazini mwa Uingereza wengi wanalijua. London usitegemee.

Zaidi ya mvua na wingu

Mahubiri yanaweza kuwa dreich: marefu, makavu, yasiyo na pa kushika. Mkutano wa bajeti unaweza kuwa dreich. Mechi ya bila kwa bila iliyochezwa katikati ya uwanja dakika zote 90 ni dreich hata jua likiwa linawaka. Kitabu, hotuba, safari, barabara isiyo na kona, mji wenye majengo ya zege la kijivu na duka moja lililofunga. Kinachounganisha haya ni mambo mawili pamoja, urefu na ukosefu wa rangi. Jambo fupi linaloudhi si dreich. Jambo refu lenye uhai, kama harusi ya siku tatu, si dreich.

Kwa mtu, tahadhari. Zamani kumwita mtu dreich kulikuwa na maana mahususi: mzito wa kutenda, hasa mzito wa kulipa. "A dreich payer" ni mdaiwa wa njoo kesho. Na "dreich i the drawin" ni anayejivuta kufanya uamuzi, awe mnunuzi sokoni au mchumba asiyetaja siku. Leo mtu akimwita mwenzake dreich anamaanisha amepooza, anachosha. Msikilizaji wa Aberdeenshire mwenye miaka 80 na kijana wa Glasgow huenda wasielewe kitu kimoja, na maana zote mbili ni za kumshusha mtu. Liache kwa hewa na mikutano.

Chakula hakiitwi dreich. Rangi ya nguo inaweza, kwa utani.

Kulisoma katika maandishi ya zamani

Ukikutana nalo kwenye shairi, hati au barua ya zamani, kosa kubwa ni kuanza na mvua. Maana ya hewa ndiyo iliyotamalaki leo, lakini katika maandishi ya zamani maana ya urefu ndiyo inayotangulia. Angalia kwanza mwaka, kisha nomino inayosifiwa. Njia dreich ni ndefu na ya kuchosha. Kazi dreich ni isiyokwisha. Kuna hata "on dreich" ya Kiskoti cha kale, yenye maana ya kwa mbali, ambapo urefu ni wa mahali badala ya wakati. Mtu anayefuata "on dreich" anafuata kwa umbali, hafuati akiwa na huzuni.

Mfano mzuri wa mtego ni methali "A dreich drink is better than a dry sermon". Msomaji wa leo anaona kinywaji kibaya, cha siku ya mvua, na methali inakosa maana. Soma dreich kuwa ni cha kujivuta, kinywaji kinachonywewa polepole kwa muda mrefu, na sentensi inakaa sawa: unywaji wa taratibu ni bora kuliko mahubiri makavu. Ucheshi wake upo hapo hapo, kwamba dreich, sifa ambayo kwa kawaida hupewa mahubiri, safari hii imepewa kinywaji.

Kwa kuhakikisha, tumia kamusi za Kiskoti zilizowekwa pamoja mtandaoni kwenye dsl.ac.uk, bure. Ndani yake mna kamusi kuu mbili. Moja ni ya Kiskoti cha kale, kutoka mwanzo wa maandishi hadi mwaka 1700. Kazi yake ya uchapishaji ilianza 1931 na kukamilika 2002, mabuku 12. Ya pili inaanzia 1700. Ilitoka kati ya 1931 na 1976, mabuku 10, chini ya William Grant na baadaye David Murison. Ukitafuta dreich utapata matokeo kutoka zote mbili, na hatua ya kwanza ni kuchagua inayolingana na mwaka wa andiko lako. Wengi wanabonyeza la juu tu, wakaishia kulisoma andiko la 1590 kwa maana za karne ya 19.

Ndani ya ukurasa wa neno, tazama kwanza orodha ya tahajia mbadala. Ikiwa hati yako ina tahajia ambayo utafutaji haukuipata, jaribu nyingine kutoka orodha hiyo. Kisha soma maana kwa namba zake, na chini ya kila maana utaona mifano iliyonukuliwa, kila mmoja na mwaka wake na kifupisho cha eneo: Sh. ni Shetland, Abd. ni Aberdeenshire, Ags. ni Angus, Ayr. ni Ayrshire, Uls. ni Ulster. Vifupisho hivyo vina kazi. Kama maana unayoitaka ina mifano ya Abd. na Sh. peke yake, na mwandishi wako ni wa mpakani kusini, rudi ujiulize upya.

Utakutana pia na kamusi ya John Jamieson ya mwaka 1808. Ni hazina kwa mifano na kwa maneno ya watu wa kawaida wa zama zake. Kwa asili za maneno usiiamini peke yake, kwa sababu Jamieson alikuwa na nadharia yake kwamba Wapikti, wakazi wa kale wa Uskoti, walikuwa na lugha ya ukoo wa Skandinavia, na nadharia hiyo ilimvuta katika mengi.

Kulitia katika Kiswahili

Hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba dreich yote, na mfasiri anayelazimisha moja atajuta ukurasa wa pili. Fasiri kwa kufuata nomino.

Kwa siku, "a dreich day" inatoka vizuri kama siku ya wingu na manyunyu yasiyokatika, au ukitaka fupi, siku iliyonuna. "Siku ya mvua" inapoteza sharti la muda, na "siku mbaya" haisemi kitu. Neno "kutwa" linasaidia sana hapa: kutwa wingu, kutwa rasharasha. Usivutwe na "kipupwe". Hilo ni jina la majira ya ubaridi ya pwani yetu, yenye anga safi mara nyingi, na msomaji wa Tanga ataona kitu tofauti kabisa.

Kwa mahubiri na mikutano, kitenzi "kuchusha" kinafaa kuliko "kuchosha". Mahubiri yanayochosha yanaweza kuwa mazuri ila mazito. Yanayochusha yameshaisha utamu na bado yanaendelea. Kwa mlipaji, "mzito wa kulipa" inakaa kama iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na kwa "dreich i the drawin", "mzito wa kuamua". Kwa barabara na kazi, "isiyokwisha" mara nyingi inatosha bila kivumishi kingine.

Ukiamua kuliacha lenyewe, kwa mfano katika riwaya inayotokea Dundee au barua ya mwanafunzi kwa wazazi wake, liandike kwa herufi za mlalo mara ya kwanza na ulieleze ndani ya sentensi yenyewe, kwa kitendo: mhusika awashe taa saa nane mchana, aanike koti lisilokauka tangu Jumatatu. Mara ya pili liache lisimame peke yake. Kwa sarufi, lichukulie kama vivumishi visivyobadilika, yaani kama safi, hodari au rahisi: siku dreich, mkutano dreich, mahubiri dreich. Usilipachike viambishi, "mdreich" na "zadreich" havitamkiki, na mhariri atavifuta. Na ukiliandika kwa tahajia ya Kiswahili, "drikh", litamfaa anayesoma kwa sauti, lakini hatalipata kwenye kamusi, basi toa tahajia ya Kiskoti angalau mara moja kabla ya kuihama.